Msingi wa Futi Tatu

Shimo la kupimia udongo lilikuwa limefika futi tano na udongo bado ulikuwa mweusi tititi. Fundi Kiragu alisimama ndani yake, akaonekana mabega na kofia tu. Aliokota bonge la udongo akalifinya mbele ya wenye shamba. Bonge halikuvunjika. Lilimnata kiganjani akahangaika kulitoa.

"Mnaona?" alisema. "Hii udongo ya Kano ni kama unga ya chapati. Ikinyeshewa inafura. Jua ikiwaka inapasuka mpaka unaingiza mkono. Ukiweka tofali juu yake itaivuta huku na huku mpaka nyumba igawanyike. Tunachimba mpaka tupate maram, ile changarawe nyekundu. Futi saba hivi. Tunajaza mawe, tunafunga mkanda wa vyuma, halafu ndio tunaanza kupandisha tofali."

"Na tukifanya hivyo?" aliuliza Perez.

"Mkifanya hivyo, Mama, wajukuu wako watazeekea hapa."

Perez alicheka kwa sauti, mkono mdomoni. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amelala katika chumba kimoja cha kupanga Muhoroni, futi kumi kwa kumi, kitanda nyuma ya pazia, jiko mlangoni, watoto chini ya meza. Mumewe Calvince aliendesha trekta la miwa miaka yote hiyo mpaka magoti yakakataa kukanyaga klachi. Sasa pesa za sako, kile chama cha akiba, zilikuwa zimetoka, na jana yake walikuwa wamekaa na Kiragu wakahesabu kila kitu, tangu mawe mpaka msumari wa mwisho. Zilitosha. Hazikubaki hata za rangi, lakini zilitosha.

"Rangi nitanunua na omena," Perez alisema, maana aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Awasi. "Nyinyi nipeni kuta tu."

Hapo ndipo Gordon alipofika. Huyu ni kaka mkubwa wa Calvince, mtu wa miaka sitini na moja, koti la suti kwenye jua la saa saba. Alisimama ukingoni mwa shimo, akachungulia ndani kama mtu anayetazama kaburi la mwingine.

"Calvince," alisema, "mimi nimekufa?"

"Hapana, ndugu yangu. Kwa nini unasema hivyo?"

"Basi mbona unanipita?"

Kiragu, mtu wa kutoka Nyeri, aliangalia huku na huku akitafuta barabara ambapo mtu alikuwa anapitwa. Lakini Perez alielewa mara moja, na kicheko kikamkauka.

Kwa Wajaluo wa pande hizi ndugu hawapitani. Mkubwa ndiye hutoka kwanza katika boma la baba akaanzisha lake, dala yake mwenyewe, kisha mdogo anafuata. Mdogo akitangulia, siku mtoto atakapokohoa au ng'ombe atakapoharibu mimba, kila mtu anajua wa kulaumiwa. Mdogo mwenye pesa na haraka ana njia moja tu: amjengee mkubwa kwanza. Kwa kawaida ni kijumba cha mabati cha siku moja, mkubwa ahamie, aseme asante, mambo yaishe. Perez alikuwa amekitengea kijumba hicho pesa zake mwenyewe, zilizofungwa kwenye leso. Hakuwa mjinga. Alichokuwa hajui ni Gordon.

*

Ndugu wawili walikaa mbele ya simba ya Gordon, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujengewa bomani mwa baba ndevu zikianza kuota. Gordon alikuwa ameota ndevu, zikawa nyeupe, na bado alilala humo na mkewe Agneta.

"Mabati," alisema Gordon polepole. "Mimi mkubwa nilale kwa mabati, wewe mdogo ulale kwa tofali. Na barabara ni moja. Watu wakipita watasema nini?"

"Ni ya desturi tu, Gordon. Baadaye utajijengea."

"Baadaye gani? Na nini?" Sauti ya mzee ilitetemeka, na si kwa hasira. "Wewe ulienda kwa trekta. Mimi nani alibaki hapa kumzika baba? Nani alimbeba mama kwa mgongo kwenda hospitali? Watoto wangu wananiona nikitoka kwa simba asubuhi kama kijana ametoka kubalehe. Unajua walevi wa Awasi wananiita nini? Wananiita Boy."

Calvince aliinamisha kichwa. Ubaya wa maneno ya Gordon ni kwamba yote yalikuwa ya kweli.

"Nijengee kama yako," Gordon alisema. "Sitaki kubwa. Vyumba viwili. Lakini tofali, na shimo kama lile lako. Halafu fuata nyuma yangu kwa amani."

Calvince alikubali pale pale, bila kumuuliza mkewe. Alirudi nyumbani akasema tu kwamba mambo yameenda sawa. Mungu amsamehe, maana Perez alikawia kumsamehe.

*

Alijua siku ya lori. Tangu asubuhi Perez alikuwa amesimama kwenye miti miwili waliyoiita geti, leso mpya kiunoni, akingoja mawe. Alikuwa amechemsha chai ya wapakuaji. Lori likaja likinguruma kutoka barabara ya Awasi, limelala upande kwa uzito, na akalipungia mkono. Dereva naye akapunga. Lori likapita.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na geti lake, Gordon alikuwa katikati ya kiwanja chake akipiga kelele, "Rudi nyuma! Rudi! Mwaga hapo!"

Mawe yakamwagika. Vumbi likavuka barabara likatua kwenye sufuria ya chai.

"Baba Janice," Perez alimwita mumewe, "yale mawe ni ya nani?"

Calvince alijifanya anakaza uzi wa vipimo.

"Nakuuliza, Baba Janice. Yale mawe ni ya nani?"

"Ni yetu," alisema. "Yalikuwa yetu."

Perez alikaa chini. Hakulia. Aliuliza tu ni pesa ngapi zitabaki, akaambiwa. Akauliza mara ya pili kama aliyesikia vibaya, akaambiwa hiyo hiyo. Kisha akainuka akaichuja ile chai vumbi akawapelekea wapakuaji ng'ambo, kwa sababu walikuwa wageni na chai ilikuwa imepikwa. Gordon alikunywa vikombe viwili akamsifu mbele ya watu kwamba shemeji ana mkono mzuri.

Kwa wiki tano alipika ugali wa mafundi waliojenga nyumba ya mwenzake. Alitazama shimo la Gordon likifika futi saba na nusu, mpaka maram ikatoka nyekundu kama kidonda. Alitazama mawe yakishindiliwa, mkanda wa vyuma ukifungwa, tofali zikipanda. Ilikuwa kazi safi. Kiragu hakujua kufanya nyingine.

Gordon alihama Februari kama desturi inavyotaka, na jogoo wake na shoka lake na Agneta wake. Siku hiyo alivaa tai. Alipita mbele ya walevi wa Awasi akawasalimia mmoja mmoja kwa jina.

*

"Sasa nisikilizeni vizuri," alisema Kiragu. Walikuwa watatu, wamesimama kando ya lile shimo la kwanza, ambalo mbuzi alikuwa ameanza kulifanya lake. "Pesa imebaki ya kitu kimoja kati ya viwili. Ya nyumba ya tofali na msingi wa futi tatu, au ya nyumba nzuri ya mabati. Mimi nawaambia jengeni mabati."

"Mabati," alisema Perez.

"Mama, mabati na mbao ni nyepesi, zinacheza pamoja na udongo. Udongo ikifura, nyumba inapanda. Ikishuka, inashuka nayo. Tofali haichezi, Mama. Tofali inavunjika. Nitawawekea vyumba vitatu, dari, sakafu ya simiti, madirisha mazuri. Mkipata pesa baadaye mtachimba."

Calvince alianza kutikisa kichwa kukubali. "Fundi anasema ukweli, Mama Janice."

"Wewe nyamaza!"

Kiragu aligeukia ng'ombe waliokuwa mbali.

"Wewe nyamaza kabisa," Perez aliendelea. "Mawe yangu yamelala chini ya Gordon. Vyuma vyangu viko chini ya Gordon. Nitaamka kila asubuhi nifungue mlango nione tofali zangu ng'ambo ya barabara, mimi nikiwa kwa mabati? Agneta ananionea huruma? Miaka ishirini na mitatu, Calvince! Nilikuwa naambia wale wanawake wa Muhoroni najenga ya tofali. Niliwaonyesha mchoro!"

"Sasa futi tatu itashika kweli?" aliuliza Calvince.

"Haitashika," alisema Kiragu.

"Nyumba ngapi hapa Kano ziko na futi tatu na zimesimama?" aliuliza Perez.

"Zimesimama, ndio. Mwaka, miaka miwili. Mama, mimi nimekuja hapa kutoka mbali nikajenga kila mahali, kutoka Mamboleo mpaka huku. Najua."

"Mungu ndiye anashikilia nyumba."

"Mungu alituumbia maram pia," alisema Kiragu, "lakini ameiweka futi saba."

Perez alikuwa ameshaamua, na uchungu ukishaamua hausikii fundi. Kiragu alikuwa na karo za watoto wanne na hakuna kazi nyingine iliyokuwa ikimngoja. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi nimesema. Mmenisikia nikisema." Kisha akachukua sululu akachimba mitaro ya msingi ya futi tatu, wala si inchi zaidi.

*

Machi, kabla ya mvua, walihama. Mwana wao wa kwanza wa kiume alikuja kutoka Eldoret kwa kazi hiyo tu, akatangulia na shoka. Calvince akafuata na jogoo kwapani, Perez na moto kwenye kigae. Nyumba ilikuwa imesimama mbele yao, vyumba vitatu vya tofali nyekundu, mlango ukiangalia geti kama inavyotakiwa nyumba ya mke wa kwanza, na geti likiangalia kwa Gordon.

Waliotoka bomani mwa baba hawarudi tena kulala mle. Ukishatoka umetoka. Kesho yake tu, Calvince alipanda juu ya simba yake ya zamani akalishusha paa, na kufikia Pasaka kuta zilikuwa zimeanza kurudi kuwa matope.

Siku ile Perez aligusa kila ukuta. Alifungua na kufunga mlango mara nyingi mpaka mumewe akamuuliza anatafuta nini. "Nasikia tu vile unafunga," alisema. Alikuwa na furaha, na hakuna haja ya kuificha. Ilikuwa furaha ya wiki tatu.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha na asubuhi mlango haukufungika. Calvince aliupunguza kwa randa. Wiki iliyofuata haukufika tena kwenye fremu, pakabaki nafasi ya kupitisha kidole, akapigilia kipande cha mbao pale alipopunguza.

Ufa wa kwanza ulitokea juu ya dirisha la sebule, mwembamba kama unywele. Perez aliuziba kwa simiti kidogo iliyobaki kwenye mfuko. Ukarudi. Akauziba kwa sabuni ya mche. Ukarudi na mwenzake. Akahamisha kabati. Akatundika kalenda ya mwaka huu, kisha ya mwaka jana, kisha kanga yenye maneno ambayo alisema ni pambo.

Jumapili moja ikawa zamu yake kukaribisha akina mama wa kanisa. Hakuweza kukataa, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akijipigia debe tangu Januari. Walikuja kumi na mmoja, wakafuta matope mlangoni, wakasifu. Bridget, mwenyekiti wao, alikaa chini ya ile kanga.

"Dada Perez, Bwana amekutendea," alisema, kikombe mkononi. "Nyumba ya tofali si mchezo."

"Amenitendea," alijibu Perez.

Waliimba. Walipofika ubeti wa pili, bamba la plasta upana wa sahani lilibanduka nyuma ya kanga, likateleza, likaanguka nusu begani kwa Bridget na nusu kwenye chai yake. Wimbo ulikatika. Kanga nayo ilichomoka upande mmoja ikaning'inia, na wanawake kumi na mmoja wakauona ufa uliotoka kwenye dari ukashuka mpaka sakafuni, mpana, mwanga wa nje ukipenya.

"Ni panya," alisema Perez.

Bridget alijipangusa bega taratibu. "Panya wanasumbua sana," alisema mwishowe, na wema wake ndio uliomchoma Perez kuliko kama angecheka. Waliomba kwa haraka. Wakati wa kutoka kila mmoja alipita karibu na mlango, mbali na ukuta.

*

Kiragu aliitwa akaja. Hakusema "nilisema". Alizunguka nyumba mara mbili, akaingiza mkono kwenye ufa wa nje mpaka kiwiko, akautoa. Kona ya upande wa bonde ilikuwa imezama, na ukuta wa sebule ulikuwa umetoa tumbo kwa nje. Akaegemeza nguzo mbili za mkaratusi pale.

"Hii ni ya kuwapa muda wa kutoa vitu," alisema. "Hameni."

"Haiwezi kutengenezwa?" aliuliza Calvince.

"Mzee, ugonjwa uko chini. Huku juu nitapaka nini?"

"Tuhamie wapi sasa?"

Kiragu alitazama ng'ambo ya barabara bila kutaka. Wote watatu wakatazama. Nyumba ya Gordon ilikuwa imesimama wima na mvua yote ile, haina hata mkwaruzo.

Calvince alivuka barabara. Agneta alianza kulia kabla hajamaliza kueleza, akasema chumba cha pili kina mahindi tu, yatatolewa leo leo. Lakini Gordon alibaki amesimama barazani, mikono nyuma.

"Calvince, usinitie kwa shida," alisema. "Mke wa mdogo wangu alale chini ya paa langu? Wewe ni Mjaluo ama ni nani? Mimi si mtu mbaya. Si mimi nimeweka hiyo desturi."

"Ni wiki chache tu."

"Hata siku moja. Na wewe umeshaweka moto kwako. Mtu haachi moto wake." Akashusha sauti. "Nahurumia sana, ndugu yangu. Walahi, kama ingekuwa ni mimi tu."

Na alihurumia kweli. Jioni alimtuma Agneta na sufuria ya uji.

Perez alitaka waende kupanga chumba Awasi. Calvince aliuweka uji chini. "Mtu atoke kwa dala yake mwenyewe mwaka haujaisha, aende kupanga? Watasema dala imetufukuza."

"Si imetufukuza?"

"Ikisemwa, Mama Janice, haitatoka kwa midomo ya watu mpaka watoto wa Janice."

Wangeweza kwenda. Hakuna aliyewafunga kamba. Lakini Perez naye, pamoja na kanisa lake lote, alipofikiria kulibeba godoro lake sokoni Awasi mbele ya wanawake wa omena, mwili ulikataa. Wakahamisha kitanda upande wa jikoni, mbali na nguzo, wakaendelea kukaa.

*

Ukuta uliondoka Jumamosi, saa sita mchana, jua likiwaka baada ya siku mbili za mvua. Perez alikuwa uani anaanika omena kwenye neti. Nguzo ya kwanza ililia. Aligeuka akaona ukuta wa sebule ukilala nje polepole bila haraka yoyote, kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa, na paa likaufuata upande mmoja. Kisha vumbi. Jogoo alitoka ndani yake akikimbia.

Hakuna aliyeumia. Watu waliokuja mbio walirudia hilo mara nyingi, afadhali hakuna aliyeumia, mpaka Perez akatamani wanyamaze. Sebule yake ilikuwa wazi barabarani: kabati, kalenda mbili, kiti ambacho Bridget alikuwa amekalia. Kila aliyepita kwenda sokoni alitazama ndani.

Calvince alikuwa ameketi juu ya tofali. Tangu mumewe afiwe na mama yake, Perez hakuwahi kumwona analia, na sasa alikuwa analia mbele ya watu, kamasi zikimtoka, akisema jambo moja tu, "Ningekataa siku ile. Ningekataa."

"Hata mimi," alisema Perez. "Fundi aliniambia mimi."

Saa tisa Gordon alivuka barabara. Hakuwa na koti. Alikuwa na mkokoteni, anausukuma mwenyewe, na juu yake mabati sita, yenye kutu pembeni, yenye matundu ya misumari ya zamani.

"Shemeji, pole," alisema. Hakumtazama usoni. "Hizi zilikuwa za choo changu kule kwa simba. Zimeoshwa. Agneta ameziosha mara mbili. Wekeni kajumba hapo mbele, muwe na mahali. Mabati inatosha watu wawili."

Perez aliyatazama yale mabati. Angeweza kusema mengi, na wengi walingoja ayaseme. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Nandi, na godoro lilikuwa nje.

"Asante, shemeji," alisema.

Walianza kazi mara moja. Kiragu, aliyepigiwa simu na jirani, alifika akavua shati bila kuzungumza habari ya malipo, akachomoa nguzo zake za mkaratusi kutoka kwenye kifusi, akaanza kupima.

"Tunachimba futi ngapi?" aliuliza Perez.

"Hii haihitaji msingi, Mama. Tunasimamisha tu."

Alipima kwa hatua, akahesabu mabati ya Gordon na yale yaliyosalimika paani, akapima tena. Yalitosha chumba kimoja. Futi kumi kwa kumi.

Perez alishikilia bati la kwanza Calvince akilipigilia. Kiragu aliuliza mlango aukate upande gani.

"Upande wa nyuma," alisema Perez. "Kwenye miwa. Popote."

Calvince aliacha nyundo hewani. "Mama Janice," alisema polepole, "unajua haiwezi. Nyumba yako wewe lazima iangalie geti."

Perez alijua. Aligeuka kutazama geti lake la miti miwili, na kupitia hapo akaona barabara, na ng'ambo ya barabara baraza ya Gordon, na tofali nyekundu, na Agneta anafagia. Aliinua bati la pili akaliegemeza begani.

"Kata hapo basi," alimwambia Kiragu. "Upesi, mvua inakuja."